Darubini Iliyokimbiza Nyota

Ndugu wanafunzi, nanyi mliokwisha kutoka shuleni, wengi mmeniuliza kwa nini usiku wa tarehe 6 Septemba 2025 nilikesha Muyinga nikihangaika na skrubu mbili. Nitaeleza, maana huenda nanyi yakawapata.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nyota huonekana zikienda magharibi. Darubini hukaa juu ya kitako chenye mota, nacho huzifuata. Lakini hakiwezi kuzifuata sawasawa mpaka mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa dunia. Watu wa Ulaya huuelekeza karibu na Nyota ya Kaskazini, wakamaliza. Kwetu nyota hiyo haitoki kabisa. Sisi hutafuta ncha ya kusini, isiyo na nyota ya maana, na pale Gitega iko nyuzi 3 na dakika 26 tu juu ya upeo, yaani kama upana wa vidole viwili mkono ukinyoshwa. Nilipotazama huko niliona mikaratusi ya kilimani.

Basi nilitumia programu ya kompyuta iitwayo N.I.N.A., ambayo hutolewa bure. Haina haja ya kuiona ncha. Hupiga picha tatu mahali popote mbinguni, kitako kikigeuzwa kidogo kila mara, huzitambua nyota zilizomo, kisha hutafuta kitovu cha mzunguko, kama fundi atafutaye kitovu cha gurudumu kwa alama tatu za ukingoni. Ndipo hukuambia: inua, shusha, kulia, kushoto. (Chagua nyota zilizo juu, zile za chini hewa huzionyesha mahali pasipo pake.) Gitega kazi ilikwisha kwa nusu saa, ingawa ilinibidi kufupisha mguu wa kusini, kwa kuwa skrubu haikuweza kushuka kiasi hicho.

Muyinga mambo yaligeuka. Kila nilipoitii programu, kosa lilizidi. Nililaumu mota, nikalaumu waya, nikalaumu hata upepo. Na kesho yake mwezi ungepatwa, nami nimekwisha kuwaahidi wanafunzi wa pale picha za mfululizo!

Saa 5 usiku niliziacha skrubu, nikaweka nyota moja katikati. Mota ikienda, nyota ilikimbia. Nikazima mota: nyota ikatoka polepole zaidi. Hapo nikafahamu. Mota ilikuwa ikizunguka kinyume, na mwendo wa nyota umekuwa maradufu, nyuzi 30 kwa saa. Nikafungua mahali pa kuandika latitudo. Gitega mwanafunzi mmoja aliniandikia vema. Muyinga niliandika mwenyewe nyuzi 2 na dakika 51, hesabu sahihi kabisa, lakini pale penye Kaskazini sikubadili kuwa Kusini. Kumbe programu ilikuwa ikipima ncha ya kaskazini. Na mhimili ukiinuka upande mmoja, upande wa pili hushuka. Kila agizo la kuinua au kushusha lilikuwa kinyume.

Nikasahihisha, nikapiga picha tatu upya, kosa likashuka hadi dakika 3 za nyuzi. Kitako nilikiacha pale pale chini ya turubai.

Tarehe 7 kivuli kiligusa mwezi saa 12.27 jioni. Niliiweka mota kwenye mwendo wa mwezi, ulio wa polepole kidogo kuliko wa nyota. Saa 1.30 usiku mwezi mzima ulikuwa mwekundu, ukabaki hivyo mpaka saa 2.52. Muda wote huo skrubu sikuzigusa. Wanafunzi walipokezana kwenye kioo cha kompyuta, na mmoja akaniuliza kama kazi yangu ni kukaa tu.