Safari ya Kutazama Ndege wa Taita

Leo twataka kueleza habari za kazi ambayo wengi huiona kuwa mchezo wa wageni, yaani kuamka alfajiri, kutundika darubini shingoni, na kwenda kutazama ndege. Hapa Voi tumezoea magari yanayokwenda kutazama ndovu. Lakini mtu aliyetoka Ulaya, akawapita ndovu wa Tsavo, akapanda Wundanyi ili akae msituni saa tatu akingoja ndege mdogo kuliko shomoro, huyo hutushangaza. Wako wazee wanaouliza kama huyo mtu ana akili timamu.

Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege. Sisi wahubiri twalipenda sana neno hilo, nasi twaweza kulihubiri nusu saa pasipo kumtazama ndege hata mmoja. Basi na tuone kazi hiyo yafanywaje.

Tuanze na nyika. Kutoka Voi kwenda Taveta nchi ni kavu, majani na vichaka vya miiba, na ndege wake huonekana kwa urahisi: mbuni, kwale, hondohondo, tai, na yule kanga mwenye kichwa kipara kama cha tumbusi na manyoya ya buluu kifuani. Mwongozaji husimamisha gari, huzima injini, na kungoja. Atakuonyesha ndege mmoja mwenye kofia nyeusi na kifua cheupe, akaaye peke yake juu ya kichaka kama askari wa zamu. Vitabu vya ndege, hata vilivyochapwa London, humwita kwa jina la Taita. Ni wangapi kati yetu wanaomjua?

Mbele kidogo, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, kuna nyumba ya wageni ya Ngulia, na hapo hutukia jambo la ajabu. Mwezi wa Novemba na Desemba ndege wengi kutoka Urusi na nchi nyingine za kaskazini hupita juu yetu usiku, wakielekea kusini kuikimbia baridi ya kwao. Usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka juu ya vilima, hupotewa na njia na kuvutwa na taa za nyumba ile. Tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakienda huko majira hayo, wakiwanasa kwa nyavu laini, wakiwapima, wakiwavika pete ndogo mguuni yenye nambari, kisha kuwaachia waendelee na safari. Mpaka sasa waliovikwa pete ni mamia ya maelfu. Baadhi ya pete hizo zimeonekana tena mbali sana, huko kaskazini walikotoka. Wako ndege katika kundi hilo wenye uzito wa gramu 12 tu, na safari yao hufika kusini mwa Afrika. Nabii Yeremia aliwataja korongo na mbayuwayu kuwa wajua majira yao ya kurudi, naye aliwataja ili kuwaaibisha watu wa Mungu. Pale Ngulia mtu aweza kuliona jambo hilo likipita mkononi mwake.

Sasa tupande milimani. Hapo kazi ni ngumu zaidi, na ndipo penye habari yenyewe.

Milima ya Taita ni mwisho wa kaskazini wa safu ya milima ya kale sana inayoanzia Tanzania na kupita Uluguru, Usambara na Upare. Upepo wa Bahari ya Hindi huipiga na kuiachia ukungu na mvua, na nyika yote inayoizunguka ni kavu. Kwa hiyo misitu yake imekuwa kama visiwa, na katika visiwa hivyo wamo viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Msitu wa Mbololo ni hekta 200 hivi, Ngangao ni kama 120, na Chawia ni mdogo zaidi. Vipande vingine ni kama shamba la mtu mmoja.

Mwongozaji, ambaye siku hizi mara nyingi ni kijana wa hapo hapo mlimani, hukuingiza msituni kabla ya jua kupanda. Nguo ziwe za rangi ya majani au udongo. Maneno yawe machache. Huko hutangulia sikio, na jicho hufuata. Yeye husimama, huinua kidole, nawe husikii kitu ila matone ya ukungu, kumbe yeye amekwisha kutambua sauti tatu. Chini, penye majani yaliyooza, hutafutwa ndege mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na ubavu mwekundu-kahawia, akipekua majani kama kuku. Wataalamu walimwandika mwaka 1913 kutoka Mbololo. Juu kidogo, katika vichaka, hutafutwa kile kijidege cha koo jeusi ambacho kimewekwa katika daraja la mwisho la viumbe vilivyo karibu kutoweka. Vimebaki vichache sana, na vyote vimo katika milima hii yetu.

Yule wa chini hapendi kutoka kivulini. Ukikata msitu ukaweka shamba kati ya kipande na kipande, yeye ni kama aliyefungiwa nyumbani. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Kenya na wa Ubelgiji wamewapima ndege hao miguu, wa kulia na wa kushoto. Waligundua kwamba katika vipande vilivyoharibika zaidi, kama Chawia, tofauti ya mguu mmoja na mwenzake ni kubwa kuliko kule Mbololo kwenye msitu mzima. Tofauti hiyo huijui kwa macho, hupimwa kwa chombo. Yaani taabu ya msitu huandikwa katika mifupa ya kifaranga kabla mti wa mwisho haujaanguka.

Wazee wa Kitaita walikuwa na misitu yao mitakatifu, fighi, ambayo mtu hakuthubutu kuitia shoka. Injili ilipoingia, hofu ile ilipungua, na sisi hatusemi irudishwe. Lakini shoka halikungoja. Mashamba yakapanda mlima, na mahali pengi idara ya misitu ikapanda misonobari na mikaratusi, miti ambayo ndege hawa hawana haja nayo. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22, yamruhusu mtu aliyekuta kiota achukue makinda, ila yamkataza kumchukua mama pamoja nao. Wakristo tunayo sheria kuhusu kiota, basi, na haitegemei hofu ya mizimu.

Wala jambo hili si la ndege peke yao. Mto Voi huanzia katika milima hiyo. Maji yake ndiyo yapitayo mjini kwetu mvua ikinyesha, na kwenda mpaka Bwawa la Aruba lililojengwa mwaka 1952, wanakokunywa wale ndovu ambao wageni huja kuwaona. Msitu unaokamata ukungu kule juu ukiisha, huku chini tutaulizana maji yamekwenda wapi.

Makanisa mengi ya milimani yana kiwanja chake, na pembezoni imesimama mikaratusi iliyopandwa zamani kwa ajili ya mbao na kuni. Mikaratusi hiyo ikikatwa, baraza la kanisa huamua kipandwe nini mahali pake. Mkuyu huzaa matunda ambayo ndege huyala na kuzitawanya mbegu zake, na podo, ingawa hukua polepole, ni mti wa asili wa milima hii. Miche ya miti ya asili huoteshwa na vikundi vya wenyeji walio karibu na misitu, nao huuza kwa yeyote anayetaka. Wakati wa kupanda ni mvua za Machi na zile za Oktoba, na shimo huchimbwa mapema.