Kutoka Boma la Ikoma Hadi Nchi za Wajerumani

Miongoni mwa wageni wapitao lango la Ikoma kuingia Serengeti hawakosekani Wajerumani, Waustria na Waswisi, watu ambao aghalabu wamejipangia safari yao tangu mwaka uliotangulia, wakijua ni usiku gani watalala Seronera na ni asubuhi gani watafuata bonde la Grumeti. Wenyeji wa Robanda, Nata na Mugumu, walio madereva na waongozaji wao, wamezoea kuzisikia habari za miji yao, na wengine wamejifunza Kijerumani cha kutosha kumwonyesha mgeni alipo chui. Walakini ni wachache waliokwisha kukaa wakafikiri kwamba njia ile huweza kupitwa kwa pande zote mbili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu wa kwetu awezavyo kuipanga ziara katika nchi zisemazo Kijerumani, akipenda kwa treni, akipenda kwa motokaa, na kumshauri jambo moja kabla ya yote: asiifuate orodha ya majumba iliyotungwa kwa ajili ya wageni wa mataifa yote, bali aanze kwa kuuliza ni vitu gani na ni watu gani waliotoka kwetu wakaenda kukaa huko, kisha aiache njia ijipange kwa kuvifuata.

Ushauri huu una asili yake papa hapa. Wajerumani walijenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi chao kilichokuwa kikizunguka nyuma ya majeshi ya Waingereza na Wabelgiji kilipigana hapo kabla ya kutekwa baadaye mwaka uo huo. Utawala wao ulikwisha, lakini athari zake hazikukwisha, kwa maana si mawe tu yaliyobaki huku. Kuna na vilivyochukuliwa vikapelekwa kule, na vingi vyaonekana hata leo kwa mtu yeyote mwenye tiketi ya makumbusho mkononi.

Nchi zenyewe ni Ujerumani, Austria, Liechtenstein na sehemu kubwa ya Uswisi, na mlango ufaao ni Frankfurt, mji wenye kiwanja kikubwa cha ndege. Hapo ndipo palipo bustani ya wanyama iliyoongozwa na Bernhard Grzimek tangu 1945 hadi 1974, bwana yule aliyekuja Serengeti pamoja na mwanawe Michael kuwahesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959, ndege ile ilipogongana na tai ikaanguka, na kaburi lake li ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Fedha na rai zilizotoka Frankfurt zilichangia sana kuifanya Serengeti iwe kama ilivyo, na Mwikoma, ambaye babu zake waliwinda katika mbuga hizo kabla hazijawekewa mipaka, ana haki ya kupasimamia mahali hapo akiwa na shukrani, au akiwa na maswali, au akiwa navyo vyote viwili.

Kutoka Frankfurt treni ya kasi hufika Leipzig kwa muda wa saa tatu hivi. Leipzig ni mji wa Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, na Chuo Kikuu chake kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, hata si ajabu msafiri kuamkiwa huko kwa lugha yake mwenyewe. Meyer alishuka na jiwe kutoka kileleni akamtunukia Kaiser Wilhelm wa Pili, likatiwa kuwa pambo katika ukumbi wa jumba la Neues Palais, Potsdam, ambao ni mji jirani na Berlin.

Berlin yenyewe yahitaji siku kadhaa. Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe yumo mjusi wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 katika milima iliyo nyuma ya Lindi, ikachukuliwa na wahamali vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi pwani, ikapakiwa merikebuni. Kimo chake chapita mita 13, na mtu akisimama miguuni pake hukiona kichwa kidogo mno huko juu, karibu na paa la vioo, mpaka shingo imuume. Lakini afanye hima kukumbuka kwamba msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kwamba waliotoa jasho walikuwa watu wa kusini yetu, ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Katika mji huo huo, kati ya Novemba 1884 na Februari 1885, wajumbe wa mataifa walikutana kwa Bismarck wakaafikiana juu ya kanuni za kujitwalia Afrika, pasipo kualikwa Mwafrika hata mmoja.

Toka Berlin njia yaelekea Hamburg, ambako katika makaburi ya Ohlsdorf amezikwa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akaolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete, akafiwa naye mwaka 1870, akaishi ughaibuni na watoto wake watatu, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Saa moja mbele ni Bremen, ambapo msafiri wa treni ana bahati ya pekee, maana Makumbusho ya Ng'ambo yapo hatua chache tu kutoka mlango wa stesheni. Katika makumbusho hayo ndimo Gavana Twining wa Tanganyika alimochagua fuvu lililosemekana kuwa la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, akalirudisha Kalenga mwezi wa Juni 1954, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Upande wa pili wa stesheni yupo tembo mkubwa wa matofali, aliyejengwa kuwasifu wenye makoloni, kisha mwaka 1990 watu wa mji wakamgeuza kuwa ukumbusho wa kuupinga ukoloni. Aliye na siku ya ziada na aende Papenburg, mji wa mifereji karibu na mpaka wa Uholanzi, ilikoundwa Graf von Goetzen mwaka 1913, ile meli iliyofunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma, na ambayo sisi twaijua kwa jina la Liemba.

Kusini mambo hayapungui. Karibu na München iko abasia ya St. Ottilien, chimbuko la Wabenediktini waliojenga Peramiho na Ndanda, nayo ina kituo chake cha reli. Kutoka München hufikiwa Salzburg kwa saa moja na nusu au zaidi kidogo, na saa mbili na nusu mbele ni Wien, mji wa Oscar Baumann, aliyelitazama bonde la Ngorongoro mwezi wa Machi 1892 na kuikata Serengeti akielekea Nyanza, akiwakuta njiani Wamasai waliokuwa wakifa njaa baada ya sotoka kuyamaliza makundi yao. Treni ya Wien hadi Zürich huchukua kama saa nane kupitia milima ya Alpi, na hakuna saa miongoni mwake impasayo mtu kulala. Kisha ni Basel, mji ambao wataalamu wake, wakiongozwa na Rudolf Geigy, waliweka maabara Ifakara mwaka 1957, ikawa mbegu ya taasisi ya afya tunayojivunia sasa. Basel hadi Frankfurt ni saa tatu hivi, na hapo duara limefungwa.

Njia ikiisha kuchorwa, ndipo huja suala la idhini. Nchi zote hizo zi katika mapatano ya Schengen, kwa hiyo viza moja yatosha, nayo huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ambayo kwa njia hii ni Ujerumani. Humpa mgeni muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180, na ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nayo hutaka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, mahali pa kulala, na hoja za kuridhisha kwamba mwombaji ana kazi au mali au jamaa wa kumrudisha nyumbani. Maadamu alama za vidole hutolewa na mwenyewe, mtu wa Ikoma ahesabu na masurufu ya kufika Dar es Salaam, wala asilipe nauli isiyorudishwa kabla ya kuipata ile viza. Mpango ulioandikwa mji kwa mji, tarehe kwa tarehe, ndio ushahidi mzuri kuliko yote wa nia njema, na hiyo ni faida nyingine ya kusafiri kwa kufuata jambo maalumu.

Sasa, treni au motokaa? Aliyekwisha kupanda treni ya umeme ya Dodoma hadi Dar es Salaam, iliyoanza 2024 kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, hatashangaa sana, ingawa kati ya Frankfurt na Köln ataona mwendo wa 300. Tiketi za treni za kasi huwa rahisi zikinunuliwa mapema, lakini zile rahisi humfunga mtu kwa treni moja tu aliyoitaja. Iko pia tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kupanda kuwa 63 Januari 2026, ambayo hufungua treni zote za mikoani, mabasi na tramu za Ujerumani nzima, ila si treni za kasi. Hutozwa kila mwezi mpaka ivunjwe, na asiyeivunja kabla ya tarehe 10 atalipishwa mwezi ufuatao. Watu wasiokaa Ulaya wana haki ya kununua pasi ya Eurail, ifaayo katika nchi zote hizi.

Adabu ya stesheni nayo ina mafunzo yake. Jukwaa limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, na ubao wa juu huonyesha behewa lako litasimama kwenye herufi ipi. Msafiri mwenye busara husimama hapo mapema, kwa kuwa treni haingoji mtu akokote mzigo toka mwisho hadi mwisho. Na ahakikishe ameketi katika nusu iliyo yake, kwani treni zitokazo Berlin kwenda magharibi huweza kukatwa mbili pale Hamm, nusu hii ikaenda kwake na nusu ile kwake. Wala asidanganyike na sifa ya kale ya Wajerumani ya kushika saa: mwaka 2024 zaidi ya theluthi moja ya treni zao za masafa marefu zilichelewa, kwa hiyo aache nafasi ya kutosha baina ya treni na treni, na akicheleweshwa saa nzima adai robo ya nauli yake, ambayo ni haki kisheria.

Motokaa huwafaa watu wanne wenye mizigo na watakao kuingia vijijini. Dereva wa kwetu ajue kwamba huko huendeshwa upande wa kulia, kwamba atatakiwa leseni ya kimataifa au tafsiri iliyothibitishwa, na kwamba uhuru wa mwendo katika barabara kuu za Ujerumani una sehemu zake tu. Austria mwisho ni 130 na Uswisi ni 120. Nchi hizo mbili hutoza barabara zake kuu kwa kibali maalumu, na cha Uswisi ni faranga 40 kwa mwaka mzima hata kama utapita siku moja. Foleni ikisimama, magari ya kushoto husogea kushoto na mengine kulia, ili gari la wagonjwa lipite katikati. Asiyefanya hivyo hutozwa faini kubwa. Kwa mtu mmoja au wawili wanaokwenda mji hadi mji kama tulivyoeleza, treni ni bora, kwa kuwa karibu vyote vilivyotajwa viko jirani na stesheni, ilhali maegesho ya mijini ni ghali na ni adha.

Yabaki majira na saa. Mei hadi Septemba mchana ni mrefu, ilhali Desemba jua la Berlin hutua kabla ya saa kumi jioni. Ratiba huandikwa kwa saa 24, basi 14:05 ni saa nane na dakika tano kwetu, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa, hivyo chakula kinunuliwe Jumamosi.

Wala mtu asiseme kwamba ziara ya namna hii ni ya wasomi peke yao. Dereva wa Robanda aliyemtazama mjusi wa Tendaguru, akajua na nani aliyemchimba, ana neno la kumwambia mgeni wake wa Berlin ambalo mgeni huyo huenda hajalisikia kwao. Na afadhali awaandikie wakuu wa makumbusho mapema, aeleze atokako, aombe kuonyeshwa na vile visivyowekwa kabatini, kwa kuwa sehemu kubwa ya mali za makumbusho hukaa ghalani, na mtu asiyeuliza hataonyeshwa.