Lakabu za Angani: Redio ya Dereva na Adabu Zake

Mtu wa pwani hahitaji kufunzwa maana ya lakabu. Washairi wetu tangu hapo wamejisitiri nyuma ya majina ya kupanga, wakalumbana miaka na mikaka, ilhali msomaji wa kawaida hajui sura ya yeyote kati yao. Huenda basi ikamshangaza kusikia kwamba katika miaka ya 1970 nchi nzima ya Marekani iliingiwa na ada hiyo hiyo, na manju wa mchezo walikuwa ni madereva wa malori. Ukumbi wao ulikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wake kama kitabu kinene, kilichotundikwa chini ya dashibodi.

Kisanduku hicho ni redio ya kuitana. Wenyewe huiita redio ya wananchi, na kwa ufupi CB. Si ile ya kusikilizia taarabu na habari. Hii hupokea na kutuma pia, hata mwenye nayo garini akasema na mwenziwe aliye kilomita kadhaa mbele yake, bila ya waya, bila ya mtambo wa katikati, wala bila ya kulipia dakika. Serikali ya Marekani iliitengea mawimbi ya megahezi 27 mwaka 1958, ili raia na wenye kazi ndogo ndogo waweze kuitana na watu wao. Kwa miaka kumi na tano ikawa ni kitu cha wachache.

Kilichoitia moto ni mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliifungia Marekani bomba kwa sababu ya kuiunga mkono Israel katika vita vya mwezi huo. Bei ikapanda, vituo vikakauka, na Januari 1974 Rais Nixon akatia saini sheria iliyopelekea magari yasipite maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Sasa, dereva wa lori wa Marekani aghalabu hulipwa kwa maili aliyokwenda. Mpunguzie mwendo, umempunguzia unga. Hata kabla ya sheria hiyo, Disemba 1973, dereva mmoja aliyejiita River Rat, ndiyo Panya wa Mtoni, alilisimamisha lori lake katika barabara kuu ya 80 huko Pennsylvania, akashika redio na kuwamwagia wenziwe malalamiko yake. Waliomsikia nao wakasimama, na waliosimama wakawaita wengine, mpaka njia ikaziba. Siku zilizofuata madereva wa majimbo mengine wakafanya vivyo hivyo. Waliokuwa hawajui kisanduku kile ni nini wakajua siku hizo.

Hapo ndipo lugha ilipozaliwa. Polisi wa barabarani akaitwa Dubu, kwa kuwa kofia yake pana ilifanana na ile ya dubu wa kuchorwa aliyekuwa akiwaonya watu, katika matangazo ya serikali, wasichome misitu. Dubu akipanda helikopta, huyo ni dubu wa angani. Kuandikiwa faini ya mbio ni kuumwa na dubu. Malori yakifuatana katika msafara, la kwanza ni mlango wa mbele, la mwisho ni mlango wa nyuma, na yaliyo katikati, ambayo hayana la kuhofu kwani wa mbele anatazama na wa nyuma analinda, hayo yamekalia kiti cha bembea. Nimesoma mafumbo mengi ya watu wengi, lakini hili la kiti cha bembea limenikaa rohoni. Ni dereva aliyechoka ndiye aliyelitunga, si mwanachuoni.

Tena kuna tarakimu. Kumi-nne maana yake nimekusikia na nimekubali; kumi-ishirini ni kuuliza mtu yuko wapi. Hizo walizirithi kwa polisi wenyewe, ambao walikuwa wakizitumia zamani katika redio zao ili maneno yawe mafupi. Na kichekesho ni kwamba polisi nao walinunua visanduku, wakawa wanasikiliza kila kinachosemwa juu ya dubu! Kwa hivyo fumbo lile halikuficha kitu. Lilikuwa kama maneno ya leso: kila mpita njia anaweza kuyasoma, ila anayeambiwa anajijua.

Mwaka 1975 ukatoka wimbo uitwao Convoy, wa msafara wa malori na redio zao, na Januari 1976 ukashika nambari ya kwanza Marekani. Mwimbaji, C. W. McCall, naye alikuwa ni lakabu: jina lake hasa lilikuwa Bill Fries, mtu wa kazi ya matangazo ya biashara. Filamu ya jina hilo ikafuata mwaka 1978. Hata mke wa Rais Ford, Bi Betty, alipokuwa akimpigia mumewe kampeni mwaka 1976, aliingia hewani kwa lakabu ya First Mama. Chaneli 23 zilizokuwapo zikajaa watu mpaka hapana pa kupenyeza neno, na tangu Januari 1, 1977, zikafanywa 40.

Kabla sijapita, kuna jambo lazima nilitoe moyoni. Mwaka 1973 barabara za Marekani ziliua watu kama 54,000. Mwaka 1974 waliokufa walikuwa kama 45,000. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba watu walisafiri kidogo kwa uhaba wa mafuta, lakini mwendo wa pole nao ulikuwa na fungu lake. Basi lile neno tamu la kuwa dubu yuko nyuma ya daraja lilimlindia dereva mkate wa watoto wake, na papo hapo likampa nafasi mwendawazimu ya kukimbia atakavyo mpaka afike darajani. Sisi tunalijua hilo bila ya redio. Nani asiyewahi kuona magari yakiwashiana taa kabla ya kufika Mariakani? Mimi namuonea imani dereva aliyebanwa na tajiri wake, lakini anayepepesewa taa ili apunguze mbio kwa dakika mbili tu hakusaidiwa, na waliomo ndani ya gari lake ndio kabisa.

KUIFUNGA GARINI

Tuje kwenye kazi yenyewe, kwani redio hii mafundi wengi huiharibu kwa kuidharau.

Kwanza umeme. Redio ya namna hii hutaka volti 12, na malori mengi ya kwetu ni ya volti 24. Asije fundi akakwambia ataiunga kwenye betri moja kati ya mbili. Betri ile itachoka kabla ya mwenziwe na zote mbili zitakufa mapema. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupunguza volti. Katika gari la volti 12, waya mwekundu huenda kwenye ncha ya kujumlisha ya betri, na mweusi kwenye ya kutoa, na fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na redio. Sababu ni nyepesi: waya ukichubuka njiani, fyuzi iliyo mwishoni haitauzuia kuungua. Redio yenyewe hula umeme kidogo, hivyo fyuzi ya ampea 2 au 3 aghalabu hutosha. Lakini lifuatwe lililoandikwa kwenye kitabu chake. Watu wavivu huchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Itasema, lakini pamoja na sauti yako watu watasikia mlio wa alternata, ukipanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta.

Eriali ndiyo redio. Ukiwa na pesa chache, nunua kisanduku rahisi na eriali nzuri, usifanye kinyume. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa kama mita 11, na eriali iliyo sawa ni robo yake, yaani mita 2 na robo tatu. Fimbo ya urefu huo juu ya gari itagonga matawi yote ya miembe, kwa hivyo watengenezaji hufupisha kwa kuzungusha waya kama chemchemi ndani ya shina. Inafaa, ila kila inavyozidi kufupishwa ndivyo sauti inavyozidi kupungua masafa. Mahali bora ni katikati ya paa, kwani bati la gari huwa kama kioo cha kulirudishia wimbi nje pande zote. Ukiifunga kwenye bampa la nyuma upande wa kulia, sauti yako itapendelea kwenda mbele upande wa kushoto, kule kuliko na mwili wa gari. Na kitako cha eriali lazima kigusane na chuma kitupu, rangi ikwanguliwe.

Kisha kuna kupima, nako ndiko wengi wasikokufanya. Kipo kipimo kidogo kinachowekwa baina ya redio na eriali, nacho huonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachotoka na kiasi gani kinachorudi kwa kukataliwa na eriali. Likisomeka moja kwa moja, hapana kinachorudi. Moja na nusu ni zuri, mbili linavumilika, tatu zima redio. Gari liwe uwanjani, milango imefungwa, si ndani ya gereji ya mabati. Pima chaneli ya 1, kisha ya 40. Ikiwa ya 1 ndiyo iliyozidi, eriali ni fupi, irefushwe. Ikiwa ni ya 40, eriali ni ndefu, ipunguzwe, na ipunguzwe kidogo kidogo, maana chuma kilichokatwa hakirudi. Wala usibonyeze kitufe cha kusemea hata mara moja kabla ya eriali kuungwa. Nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani na kuunguza kiungo cha mwisho cha redio.

Kuitumia si kazi. Kuna kirungu cha sauti, kirungu cha chaneli, na cha tatu ambacho wageni hawakielewi: hicho huziba ule mvumo wa hewa tupu. Kizungushe mpaka mvumo ukatike, hapo hapo uache. Ukizidisha utaziba na watu walio mbali. Kipaza sauti kiwe vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, kwa ubavu kidogo. Bonyeza, subiri kitambo kama cha kumeza mate, ndipo useme, ukimaliza achia. Maadamu umebonyeza husikii mtu, na wawili wakibonyeza pamoja hasikiki yeyote, ila mlio mmoja mbaya. Aliyezoea malumbano ya ushairi hili halimpi tabu, kwani hata huko mwenzio hajibiwi mpaka afunge beti yake.

Kwa Marekani, chaneli ya 19 ndiyo ya madereva na ya 9 imewekwa kwa dharura na msaada wa njiani. Kuna chama cha kujitolea, REACT, kilichoasisiwa mwaka 1962, ambacho watu wake walikuwa wakikesha majumbani mwao wakiisikiliza hiyo ya 9, ili mtu akipata ajali asikose wa kumpigia polisi simu. Hao hawakupata wimbo ulioshika nambari ya kwanza.

Nguvu inayoruhusiwa ni wati 4, nayo hufika kilomita tano, kumi, au zaidi penye uwazi. Wapo waliotaka kufika mbali zaidi, wakafunga vikuzaji vya siri vilivyokatazwa na sheria, wakavuruga televisheni za majirani na kuwaziba wanyonge. Na lakabu, ambayo kwa malenga ni pambo, kwa wengine ikawa pazia la matusi. Baba mwenye watoto garini akawa hana budi kuizima. Leseni ya kila mtu ilifutwa mwaka 1983, kwani serikali ilikwisha shindwa kuhesabu watu wala kuwadhibiti. Baadaye simu ya mkononi ikachukua waliobaki, ingawa si wote. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu redio hizi zitumie mtindo wa FM pia, wenye sauti safi zaidi, na madereva wa malori bado huifungua 19 ukungu unapotanda au theluji inapofunga njia. Simu humwita unayemjua, popote alipo. Aliyeona lori limepinduka nyuma ya kona hamjui anayekuja, hana nambari yake. Anachohitaji ni kumfikia yeyote aliye karibu, na amfikie sasa.

Kwetu, redio za kuitana zimezoeleka zaidi katika magari ya watalii. Kule Maasai Mara dereva akimwona chui huwaita wenziwe kwa Kiswahili na majina ya kupanga, ili wageni wasijue wanaelekea wapi wakaja kuvunjika moyo. Lugha ni nzuri, ila matokeo yake huonekana: dakika chache tu na mnyama mmoja amezingirwa na magari asipate pa kupita wala pa kuwinda. Hapo redio haina kosa, mwenye kuiitikia ndiye.

Kwa anayefikiria kufunga yake, Kenya hapana kuingia hewani kwa redio ya namna hii pasi na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na idhini hutangulia kununua. Na kama ataletewa na jamaa yake aliye ng'ambo, aulize kwanza ni ya mtindo gani. Uingereza iliporuhusu redio hizi Novemba 1981 ilichagua FM na megahezi zake yenyewe, mbali na za Marekani. Redio ya London ya siku zile na ya Chicago zikiwekwa katika magari mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, kila moja itabakia na mvumo wake, na madereva watalazimika kushusha vioo.