Chembe Nyeupe za Damu, Ovari na Moyo

Mwanamke wa Mbagala au Tegeta ambaye hedhi yake huja mara nne au tano tu kwa mwaka, aghalabu hufika hospitali kwa sababu moja: ametafuta mtoto, hakupata. Uchunguzi wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wanawake waliofika huko kwa shida hiyo walikuwa na ovari zenye vifuko vingi. Vifuko hivyo, vilivyoelezwa na madaktari Stein na Leventhal wa Chicago mwaka 1935, si uvimbe wa kutisha. Ni makao ya mayai yasiyokomaa. Matata yenyewe yamo katika homoni: ya kiume huzidi, na mwili huacha kuitii insulini ipasavyo.

Hapo ndipo moyo unapoingia. Mafuta hukusanyika tumboni, nayo hutoa kemikali zinazoziamsha chembe nyeupe za damu kana kwamba kuna adui wa kupigana naye. Miongoni mwake ni monositi. Chembe hii hupenya ukuta wa mshipa, humeza kolesteroli mpaka ikafura kama povu, kisha hufia humo. Mizoga ya namna hiyo ndiyo mwanzo wa utando unaoziba mishipa ya moyo. Monositi hubeba juu ya ngozi yake protini kama CD14 na CD16, ambazo kwazo watafiti huitambua hali yake kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Je, viwango vilivyopatikana Ulaya vyafaa kutumika Temeke na Mwananyamala? La. Malaria, minyoo na VVU navyo huziamsha chembe hizo hizo. Tena Waafrika wengi huzaliwa na nyutrofili chache kwa sababu ya badiliko katika jeni la Duffy, lile lile linalowakinga na malaria ya vivaksi. Hesabu iliyo ya kawaida Glasgow yaweza kuwa dalili ya maradhi Mbagala. Hapana budi wapimwe kwanza wanawake wa hapa wenye afya. Kanuni ya kazi hiyo si ngeni nchini: mitambo ya leza inayohesabu chembe za CD4 za wenye VVU huifuata.

Wakati huo huo, mwanamke aliyekuja kutafuta mtoto apimwe pia shinikizo la damu, sukari, na mzingo wa kiuno. Kwa hicho cha mwisho hutosha utepe wa fundi cherehani.