Istilahi za Milio ya Injini: Kutafuta Chanzo cha Sauti Ngeni katika Lori Kuukuu

1. Utangulizi

Katika karakana za Tanzania neno moja limebebeshwa mzigo uliozidi nguvu zake. Neno hilo ni kunoki. Limetoka katika Kiingereza, ambako asili ya maana yake ni kugonga tu, lakini mafundi wetu wamelipanua. Injini yenye mlio wa kugonga husemwa kuwa inanoki. Na injini iliyokwisha kufa kwa kuharibika metali zake husemwa kuwa imenoki. Hivyo neno lile lile hutaja dalili ya ugonjwa na hutaja pia kifo. Dereva akimwambia mwenye gari kwamba lori linanoki, mwenye gari husikia hukumu badala ya habari; naye fundi asiyeuliza zaidi huanza kufumua injini ambayo pengine haina kasoro yoyote.

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza namna chanzo cha mlio mgeni kinavyotafutwa kwa utaratibu katika lori kuukuu la dizeli lenye silinda 6, kama yale ya Bedford na Leyland yaliyofahamika sana katika barabara zetu miaka ya 1960 na 1970. La pili ni kupendekeza majina yatakayotenganisha mlio mmoja na mwingine, ili dereva, utingo na fundi wapate kuelewana kabla spana haijashikwa.

2. Mlio hufuata mwendo

Kila kitu kinachozunguka kina hesabu yake, na mlio wake hauna budi kuifuata hesabu hiyo. Katika injini ya aina tunayoizungumzia, pistoni hufanya safari nne: huvuta hewa, huishindilia, husukumwa na moto, kisha hutoa moshi. Safari hizo nne hukamilika kranki inapozunguka mara 2. Kemshafti, ambayo kazi yake ni kufungua valvu, huzunguka mara 1 tu katika muda huo huo.

Tuseme injini inazunguka polepole, mara 600 kwa dakika. Kranki itakuwa inazunguka mara 10 kwa nukta, na kemshafti mara 5. Kwa kawaida, basi, mlio unaotoka chini, penye kranki na metali zake, ni wa haraka maradufu kuliko mlio wa valvu moja iliyolegea. Sikio si lazima liweze kuhesabu. Yatosha lizoee kutofautisha mwendo wa haraka na mwendo wa nusu yake. Kama mlio haufuati hesabu yoyote kati ya hizo mbili, hiyo nayo ni habari kubwa: yamkini unatoka katika chombo kilichofungwa ubavuni mwa injini, wala si ndani ya injini yenyewe.

3. Majina yanayopendekezwa

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi ni kuanzia katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kukopa kwingine. Kwa sauti, Kiswahili si maskini hata kidogo. Tunapendekeza majina yafuatayo:

(a) Mshindo: mlio mzito wa chini, kama wa mchi katika kinu. Huwa ni wa metali kubwa zinazoshika kranki. Huzidi lori linapopanda mlima na shehena, na mara nyingi huandamana na kushuka kwa saa ya oili.

(b) Mgoto: mlio mkavu zaidi, kama wa kifundo cha kidole juu ya mbao. Huwa ni wa metali za konrodi. Husikika wazi mafuta yanapoongezwa kidogo au yanapopunguzwa. Jina hili linatokana na kitenzi kugota. Hatukuweza kuunda jina kutokana na kugonga, kwa kuwa tungepata mgongo, ambalo tayari ni jina la kiungo cha mwili.

(c) Mgoto wa baridi: mlio wa pistoni iliyopwaya katika silinda. Husikika asubuhi injini inapowashwa, na hufifia kadiri pistoni inavyopata joto na kutanuka.

(d) Mwaliko wa valvu: mlio mwepesi wa juu, wa mwendo wa nusu, unaotokea pale ambapo nafasi ya tapeti imezidi kipimo. Neno mwaliko peke yake laweza kumkumbusha msomaji karamu. Kwa hiyo lafaa liandamane na valvu daima. Mafundi wajihadhari, kwa maana moshi unaopenya kwenye gasketi ya manifoldi hufanya sauti inayofanana sana na hii. Masizi meusi penye kiungio ndiyo shahidi wake.

(e) Mkwaruzo: mlio wa beringi iliyokauka, kama ile ya pampu ya maji, ya dainamo au ya klachi. Mkwaruzo wa beringi ya klachi huanza pedali inapokanyagwa.

(f) Mvumo: mlio mrefu usiokatika, wa gia au difu. Huu hufuata mwendo wa magurudumu, na kwa hiyo husikika hata injini inapopunguzwa huku gari likiteremka.

4. Mfano wa utafutaji

Tuchukue mfano wa lori kuukuu lenye breki za upepo. Linatoa mgoto mkali upande mmoja wa injini. Jambo la ajabu ni kwamba mgoto huo huja na kupotea. Barabarani hutoweka kwa muda mrefu. Mjini, penye kusimama mara kwa mara, hurudi tena na tena. Injini ikiwa ya moto au ya baridi, hali ni ile ile. Saa ya oili haijashuka. Wa kwanza kuusikia atasema, bila kusita, kwamba konrodi imekwisha.

Fundi mwenye utaratibu hufanya mambo manne. Kwanza hutafuta mahali. Huchukua bisibisi ndefu, ncha yake huigusisha katika injini na mpini wake huuweka sikioni, akihama kutoka sehemu moja hadi nyingine huku akijilinda na feni na mikanda. Chuma huleta sauti karibu, na mlio huwa mkubwa zaidi penye chanzo chake.

Pili hupima silinda moja moja. Hulegeza nati ya bomba la mafuta penye nozeli, ili silinda hiyo ikose moto, kisha huikaza na kwenda kwa nyingine hadi zote 6 zimalizike. Konrodi iliyolegea hupunguza au hubadili mlio wake silinda yake inaponyimwa mafuta, kwa kuwa mzigo umeondoka. Mlio usiobadilika kwa silinda yoyote huelekeza kwingine. Hapana budi kuonya kwamba mafuta yanayofyatuka kwa nguvu huweza kupenya ngozi. Nati hufunikwa kwa kitambaa kinene, na mkono na uso huwekwa mbali. Aidha, jaribio hili ni la pampu za zamani tu. Katika injini nyingi za dizeli za siku hizi, zinazoongozwa kwa kompyuta, kani ya mafuta hupita mara 1,000 ya kani ya hewa ituzungukayo, na kulegeza nati yake wakati inazunguka ni kuhatarisha maisha.

Tatu hutazama oili. Vumbi la chuma linalometameta, hasa lenye rangi ya shaba, huonyesha kuwa metali zinaliwa. Katika lori letu oili ni nyeusi lakini haina chembe.

Nne hutazama mlio unaandamana na jambo gani, na hapa ndipo fumbo linapofumbuka. Fundi anakanyaga breki mara nyingi hadi saa ya upepo inashuka, mgoto unaanza. Anaiacha injini izunguke hadi matangi yanajaa. Vali ya kuzuia inaachia, kompresa inaacha kushindilia, na papo hapo mgoto unakoma. Mwenye kosa ni kompresa ya upepo, ambayo nayo ina kranki yake, konrodi yake na metali zake ndogo. Barabarani matangi hubaki yamejaa, ndiyo sababu ya ukimya. Mjini breki hula upepo, ndiyo sababu ya kelele.

Kompresa ni chombo cha kufungua na kutengeneza peke yake. Hata hivyo isidharauliwe, kwa kuwa siku itakapovunjika, breki zitakosa upepo.

5. Hitimisho

Msomaji ataona kwamba aliyelitatua fumbo hili si sikio peke yake. Dereva angeweza kulitatua nusu kabla hajafika karakana, kama angekuwa na maneno ya kusema: "Ni mgoto, hauongezeki mlimani, na hukoma upepo ukijaa." Sentensi hiyo moja ingeokoa kazi ya kushusha sampu, gharama ya metali mpya zisizohitajika, na siku nyingi za gari kusimama bila kazi.

Hatusemi kwamba kunoki lifutwe. Neno lililokwisha kukubaliwa na watu halifutwi kwa makala. Tunachopendekeza ni kwamba libaki na maana moja, ya injini iliyokwisha kuharibika metali zake, na kwamba dalili zipewe majina yake zenyewe. Walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa wayajaribu majina haya darasani, na mafundi na madereva waseme ni yapi yanayokaa vizuri kinywani na ni yapi yanayokwaruza. Istilahi isiyotamkika chini ya gari haitadumu, hata ikichapwa katika orodha iliyo safi namna gani.