Jinsi Usukani wa Magari ya Kwanza Ulivyotulizwa

Karl Benz wa Ujerumani alipotengeneza gari lake la mwaka 1886, alilipa magurudumu matatu tu. Sababu mojawapo ni kwamba hakuridhika na njia zilizokuwapo za kuongoza magurudumu mawili ya mbele. Je, ugumu ulikuwa wapi?

Katika gari la kukokotwa na farasi, mhimili wote wa mbele hugeuka juu ya pini moja iliyo katikati. Tuseme kila gurudumu liko sentimita 60 kutoka kwenye pini hiyo. Gurudumu moja likigonga jiwe kwa kani ya nyutoni 500, mhimili hupindwa kwa momenti ya nyutoni-mita 300. Farasi waliofungwa mbele husaidia kuuzuia mhimili huo; mikono ya dereva pekee haiwezi.

Dawa ilikuwa imekwisha kubuniwa na Georg Lankensperger wa Munich, na Rudolph Ackermann aliipatia hataza mjini London mwaka 1818. Katika mpango huo mhimili haugeuki. Kila gurudumu hugeuka juu ya pini yake lenyewe, karibu na ncha ya mhimili. Umbali ukipungua hadi sentimita 10, jiwe lile lile huleta momenti ya nyutoni-mita 50 tu. Tena, gurudumu la ndani ya kona hugeuzwa zaidi kuliko la nje, kwa kuwa duara lake ni dogo zaidi. Benz alipata hataza ya usukani wa namna hii mwaka 1893.

Hata hivyo, magari mengi ya wakati ule yaliongozwa kwa wenzo. Mwendo ulipoongezeka, kila shimo la barabara liliutikisa mkono wa dereva. Mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, Alfred Vacheron aliendesha gari la Panhard lililokuwa na usukani wa mviringo. Usukani wa mviringo ulipounganishwa na gia, dereva aliweza kugeuza magurudumu kwa nguvu ndogo, na mishtuko ilimfikia ikiwa imepungua.

Lakini kinga ikizidi nayo huleta hasara. Gia ya parafujo yenye msuguano mwingi huzuia kila habari ya barabara: dereva hahisi utelezi, wala usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Kwa hiyo mafundi waliinamisha pini za magurudumu, ncha ya juu ikielekea nyuma kidogo. Mstari wa pini ukirefushwa hugusa ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Tairi basi huburutwa nyuma ya mstari huo, na gurudumu hupenda kunyoka lenyewe. Mwinamo ukizidi, usukani huwa mzito.

Wanafunzi wanaweza kuliona jambo hili kwenye meza au kitanda chenye vigurudumu vinavyozunguka. Kisukumeni mbele, kisha kirudisheni nyuma ghafla: kila kigurudumu kitageuka mpaka kifuate tena nyuma ya pini yake.

Usukani mwema, basi, hauufungi mkono wa dereva wala haumwachi apigane na kila jiwe. Humpunguzia mshtuko, lakini humwachia hisia ya kutosha kujua kama magurudumu yangali yameishika barabara.