Kroshia ya Tunisia: Kitambaa kikijikunja, usikifumue!

HUENDA nyumbani kwenu viti na meza vimefunikwa kwa vitambaa vya kroshia, na pengine wewe mwenyewe unaijua kazi hiyo. Lakini je, umewahi kujaribu kroshia ya Tunisia? Kitambaa chake ni kizito na chenye joto, na asiyeijua atadhani kimetoka kwenye mashine.

Aina hii ilipendwa sana Ulaya katikati ya karne ya 19. Katika kroshia ya kawaida, unamaliza kitanzi kimoja kabla ya kuingia kingine. Hapa, vitanzi vyote vya mstari hukaa kwenye sindano kama unavyofuma sweta, kisha unaviondoa ukirudi. Ndiyo sababu sindano yake ni ndefu na ina kifundo mwishoni.

Hata hivyo, usikimbilie kununua sindano mpya. Kwa kipande chembamba cha kujifunzia, ile ya kawaida itatosha, mradi mpini wake uwe mwembamba kote. Zungushia raba mwishoni ili vitanzi visiteleze. Ikiwa uzi wako hufumwa kwa sindano ya milimita 4, tumia ya milimita 6.

Anza kwa mnyororo wa vitanzi 15. Kile kilicho kwenye sindano ni cha kwanza. Ruka tundu la kwanza la mnyororo, ingiza sindano katika la pili, vuta uzi na ukiache kitanzi kwenye sindano. Endelea hivyo hadi uwe na vitanzi 15.

Sasa rudi. Zungusha uzi na uupitishe katika kitanzi kimoja tu. Kisha zungusha tena, upitishe katika viwili, na urudie hadi kibaki kimoja. Huo ni mstari mmoja kamili.

Usigeuze kazi! Mbele yako utaona nyuzi zilizosimama wima. Ruka ule wa kwanza, ingiza sindano chini ya unaofuata, vuta uzi na uache kitanzi. Fanya hivyo kwa kila mmoja. Ukifika mwisho, pitisha sindano chini ya nyuzi zote mbili za ukingoni ili ukingo uwe imara, kisha urudi kama awali.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Baada ya mistari michache kitambaa huanza kujikunja kama mkeka. Mwanafunzi hudhani ameharibu, hufumua, na uzi ulionunuliwa kwa pesa za matumizi ya nyumbani huishia kapuni. Ukweli ni kwamba hiyo ni tabia ya kazi yenyewe. Legeza mkono, na ukimaliza, ilowanishe kazi, inyooshe juu ya taulo, ibane kwa pini na uiache ikauke. Ukizungushia pindo la kroshia ya kawaida, itatulia zaidi.

Kosa halisi ni kusahau kitanzi cha mwisho. Kitambaa kikianza kuwa chembamba kama kipande cha sambusa, hapo umepoteza kitanzi. Kwa hivyo hesabu 15 kabla ya kila safari ya kurudi.

Kumbuka kwamba kazi hii hula uzi mwingi, na haivutiki sana. Inafaa skafu, foronya za mito na blanketi, si soksi. Nunua uzi wote kwa pamoja, maana rangi ya dukani wiki ijayo huenda ikatofautiana kidogo.

Blanketi la mtoto halihitaji sindano ndefu. Fuma vipande vyembamba, kimoja kila jioni, kisha uviunganishe. Ukianza likizo ya Aprili, baridi ya Julai itakukuta tayari. Bandu bandu huisha gogo.